Wakala anasema mpwa wangu akifika Kanada atajilipia ada kwa kubeba boksi. Kuna ukweli hapo?

Mjomba wa Ngamiani

Wakuu, habari za saa hizi. Mie ni mkazi wa Tanga mjini, nina duka dogo la spea za baskeli na pikipiki huku Ngamiani. Mambo ya ng'ambo siyajui, hata pasipoti sina, ndiyo maana nimekuja kwenu mliotangulia.

Nina mpwa wangu wa kike, marehemu dada yangu aliniachia akiwa darasa la pili. Kamaliza kidato cha sita, matokeo si haba. Sasa kuna wakala wa vyuo vya nje, ofisi yake iko Dar, alikuja huku akakodi ukumbi wa hoteli, akaita vijana na wazazi wao, soda na sambusa juu yake. Tangu siku ile binti halali. Wakala kamtafutia barua ya udahili kwenye chuo kimoja jimbo la Ontario: diploma ya uendeshaji wa hoteli, miaka miwili, ada dola 18,000 za Kanada kwa mwaka. Barua ninayo hapa juu ya kaunta, imechapwa rangi.

Maneno ya wakala ni haya. Nilipe ada ya mwaka wa kwanza tu. Binti akifika atasoma mchana na kufanya kazi usiku, mwaka wa pili atajilipia mwenyewe, na kabla mwaka haujaisha ataanza kunitumia na mie. Akimaliza anapewa kibali cha kazi cha miaka mitatu bila kuulizwa kitu. Na kwa kuwa chuo chenyewe kiko mbali na mji, tusiwe na wasiwasi, akishatua atahamia chuo cha Toronto.

Nina kiwanja Pongwe. Dalali keshaleta mteja wa milioni 30, anataka jibu Ijumaa. Sitaki kumvunja moyo mtoto wa marehemu, wala sitaki kuuza ardhi kwa maneno ya ukumbini. Aliyeko huko au aliyepitia anieleze: mwanafunzi anaruhusiwa kweli kufanya kazi kiasi hicho? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Boksi

Mjomba, pale pa "ataanza kunitumia na mie" nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaniuliza kulikoni.

Mie nilikuwa Uingereza, nimesharudi, sasa nafuga kuku Muheza. Kule mwanafunzi wa digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, wa kozi ya chini ya digrii saa 10, na kujiajiri ni marufuku kabisa, hata kusuka nywele kwa malipo. Enzi zetu waliotaka kuzidisha walibeba boksi kwa jina la mtu mwingine. Mshahara unaingia akaunti ya mwenye jina, na siku ya malipo mwenye jina hapokei simu. Utamshitaki wapi, wakati wewe mwenyewe hukutakiwa kuwepo ghalani?

Ya Kanada nawaachia walioko Kanada.

BintiMakorora

Shikamoo mjomba. Mie mtoto wa Makorora, niko Ontario hukohuko anakotaka kuja mpwa wako. Nilikuja kwa kibali cha kusoma, nimemaliza, sasa nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nitaandika kirefu maana naona hiyo Ijumaa i karibu.

Kufanya kazi anaruhusiwa, na hilo wala haombi kibali kingine, limo ndani ya kibali cha kusoma. Lakini lina mipaka. Nje ya chuo ni saa 24 kwa wiki wakati muhula unaendelea. Akiwa na vibarua viwili, vyote vinajumlishwa humohumo kwenye 24. Kazi za ndani ya chuo, kama maktaba au mgahawa wa chuo, hazina kikomo cha saa, ila ni chache na kila mtu anazitaka. Likizo rasmi za chuo anaruhusiwa kufanya kazi saa zozote, mradi alikuwa mwanafunzi wa muda wote kabla ya likizo na atarudi hivyohivyo baada yake. Na hawezi kuanza kazi kabla masomo hayajaanza. Akitua mwezi mmoja mapema, mwezi huo anakula akiba yake.

Wakala wako hakutunga kila kitu, na hapo ndipo penye mtego. Kuanzia 15 Novemba 2022 mpaka 30 Aprili 2024 serikali ya huku iliondoa kikomo cha saa kwa muda, kwa sababu waajiri walikuwa wanalia hawana watu. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa saa 20. Waliokuwepo kipindi kile walipiga shifti mchana na usiku, wapo waliolipa ada, wapo waliojenga nyumbani. Picha zao ndizo zinazooneshwa kwenye semina hadi leo. Dirisha lile lilifungwa, na saa 24 zikaanza rasmi 8 Novemba 2024. Mwulize wakala wako, huyo mwanafunzi wake aliyejilipia ada aliingia Kanada mwaka gani.

Sasa tupige hesabu mjomba, wewe ni mtu wa duka. Kima cha chini cha mshahara Ontario ni dola 17.60 kwa saa tangu Oktoba 2025, na mwanafunzi mgeni ataanzia hapohapo. Zidisha kwa 24, unapata dola 422.40 kwa wiki. Wiki nne ni 1,689.60. Makato yakitoka tuseme abaki na 1,500. Chumba kwenye nyumba ya kushirikiana, jiko moja watu watano, mie nilikuwa nalipa 750, na haukuwa mji mkubwa. Chakula 300 kama anajipikia na hali nyama kila siku. Basi na simu 150. Anabaki na 300. Miezi minane ya masomo hiyo ni 2,400. Akipata likizo ya kiangazi ya miezi minne na akapata kazi ya saa 40, anaingiza 704 kwa wiki kabla ya makato, na akibana sana anaweza kubakisha kama 5,000. Jumla 7,400, ambayo si nusu ya ada yake ya 18,000. Na hapo nimemfanya asiugue, asinunue koti la baridi, na kazi aipate tangu wiki ya kwanza, jambo ambalo siku hizi halipo. Ukitangaza nafasi moja ya kuosha vyombo, foleni ya vijana na wasifu wao mkononi inazunguka kona.

Kwa hiyo kibarua kitamlisha na kumlipia chumba. Ada hakilipi. Na Uhamiaji wa huku wenyewe ndiyo maana hawakuruhusu uingie kwa matumaini ya kibarua: kabla hawajatoa kibali wanataka waone pesa. Kuanzia maombi ya 1 Septemba 2025, mtu mmoja anayekwenda nje ya jimbo la Quebec anatakiwa aoneshe dola 22,895 za kujikimu mwaka mmoja, MBALI na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Mpaka mwisho wa 2023 ilikuwa 10,000 tu, ikapanda 20,635, ikaja hii. Jumlisha na 18,000 zako: dola 40,895. Kwa dola moja shilingi 1,750 unazungumzia milioni 70 na ushei. Kiwanja chako cha milioni 30 hakifikishi hata ile ada.

Wakala alikwambia hizo nyingine zinatoka wapi?

Mjomba wa Ngamiani

Marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Umenifungua macho na umenitisha.

Hizo nyingine alisema nisijali, ana mtu wake "atapaki" pesa kwenye akaunti yangu kwa miezi michache, taarifa ya benki ikishachapwa anazitoa, mie nalipa riba tu. Mie nikadhani ndiyo utaratibu, maana alilisema mbele za watu na hakuna aliyeshtuka.

Halafu hukunigusia hili la kuhama chuo, na kile kibali cha miaka mitatu. Binti kanikalia hapa pembeni anasoma kila unachoandika.

Jongoo wa Duga

Nyie walioko huko mna tabia ya kuvuta ngazi mkishapanda. Binamu yangu kaenda 2022, diploma hiyohiyo ya hoteli, leo ana kibali cha kazi na gari. Mjomba muache mtoto aende, riziki haina formula.

BintiMakorora

Jongoo, binamu yako nampongeza. Mwaka aliokwenda umeutaja mwenyewe, soma tena nilichoandika juu.

Mjomba, twende moja moja, na bintiyo asome.

Pesa za kupaki. Usikubali, hata kwa siku moja. Afisa anaangalia taarifa ya benki ya miezi kadhaa, anaona akaunti ya duka inayoingiza laki tatu, laki nne, halafu ghafla milioni 40 zimedondoka. Atauliza zimetoka wapi, na jibu litakuwa la uongo lililoandikwa kwenye maombi ya binti, si ya wakala. Sheria yao ya uhamiaji inasema anayewasilisha taarifa za uongo anafungiwa miaka mitano kuingia Kanada. Mtoto wa miaka 19 anachafuliwa jina na mtu ambaye hata sahihi yake haimo kwenye fomu. Ndiyo ajue pia kwamba kama mtu amelipwa kumsaidia kujaza maombi, maombi yenyewe yana fomu ya kumtaja mtu huyo. Wakala akikwambia "mie msiniandike", hapo kunywa maji yako uondoke.

Kuhama chuo. Zamani ulikuwa unabadilisha chuo kwenye akaunti yako ya mtandaoni na maisha yanaendelea. Tangu 8 Novemba 2024 kibali kimefungwa na chuo kilichoandikwa juu yake, ukitaka kingine unaomba kibali kipya, unalipa upya dola 150, unasubiri. Ni sawa na kukata tiketi ya Lushoto halafu umwambie kondakta akushushe Horohoro. Anayekuuzia chuo ambacho hata yeye anakushauri ukikimbie, wewe jiulize analipwa na nani. Nikusaidie: mara nyingi analipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa kinacholipa ada.

Sasa kibali cha baada ya masomo, na hapa bintiyo anisamehe. Hakitolewi kwa kila aliyemaliza. Kwanza chuo chenyewe lazima kiwe miongoni mwa vile ambavyo wahitimu wake wanastahili, na vyuo vingi vya binafsi havimo. Ontario walikuwa na mtindo wa chuo cha umma kukodisha mtaala wake kwa chuo cha binafsi, cheti kinatoka chuo cha umma ila unasomea kwenye jengo la ofisi ghorofa ya nne. Walioanza masomo kwenye hivyo kuanzia 15 Mei 2024 hawapati kibali cha kazi wakimaliza. Barua itaonesha jina kubwa la chuo cha umma, wewe tazama anwani ya mahali pa kusomea.

Pili, kwa wanaosoma diploma za vyuo kama hivi, walioomba kibali cha kusoma kuanzia 1 Novemba 2024, lazima kozi iwe kwenye fani wanazosema wana upungufu wa watu: afya na huduma za jamii, ufundi stadi, sayansi na teknolojia, kilimo, usafirishaji, na ualimu uliongezwa baadaye. Hoteli na utalii haimo. Kwa hiyo binti atasoma miaka miwili, atalipa dola 36,000, siku ya mahafali kibali cha kusoma kinaelekea ukingoni na cha kazi hapati. Siyo miaka mitatu, wala mitatu minus kitu. Sifuri. Binamu wa Jongoo alikipata kwa kuwa alianza kabla ya masharti haya.

Tena hata angesoma fani inayokubalika, urefu wa kibali hufuata urefu wa kozi. Kozi ya miezi minane hadi chini ya miaka miwili, kibali kinalingana na kozi. Miaka miwili na zaidi ndiyo unaweza kupata mitatu. Kinaombwa ndani ya siku 180 baada ya matokeo ya mwisho, kuna mtihani wa lugha, na unakipata mara moja tu maishani.

Kuna karatasi nyingine sijaiona kwenye maelezo yako, nayo ni barua ya uthibitisho ya jimbo. Tangu 22 Januari 2024 wameweka kikomo cha idadi ya vibali na kila jimbo limepewa fungu lake. Mwaka 2025 lengo la nchi nzima lilikuwa vibali 437,000, pungufu kwa asilimia 10 kuliko mwaka uliotangulia, na wameendelea kubana. Mwanafunzi wa diploma bila hiyo barua maombi yanarudishwa bila kusomwa. Chuo ndicho kinachoiombea kutoka kwenye fungu la jimbo. Kama wakala hajaitamka, ama hajui kazi yake au anajua zaidi ya anavyosema.

Ngoja nirudi jioni, naingia shifti.

Mtu wa Dunda

Salamu kutoka Bagamoyo. Nafuatilia kimya kimya kwa sababu mdogo wangu alipitia hayahaya, tukaishia Ujerumani.

Kule kikomo si saa kwa wiki, ni siku kwa mwaka: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa siku 140 nzima au nusu siku 280. Na vyuo vikuu vya umma sehemu kubwa havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Sehemu nyingine nyingi unalipa mchango wa muhula tu, na mara nyingi ndani yake imo tiketi ya treni na basi.

Watu wakisikia "bure" wanaruka. Pesa inatakiwa vilevile, ila ni ya kwako unaila mwenyewe: unaweka euro 11,904 kwenye akaunti maalumu ya kuzuia, na benki inakuachia 992 kila mwezi ukishafika. Mlima wa kwetu ulikuwa lugha. Digrii za kwanza karibu zote ni kwa Kijerumani. Dogo alitoka kupiga ngoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, akakaa chini na Kijerumani zaidi ya mwaka, mama akawa anamsikia anagombana na vitenzi usiku, akadhani mtoto karukwa na akili. Sasa anasoma, anafanya kazi wikendi kwenye duka la mikate, analala na harufu ya siagi.

Mjomba, sisemi mpeleke Ujerumani. Nasema hiyo nchi moja ya wakala siyo dunia nzima.

Mzee wa Boksi

Na tusijifanye kushangaa masharti ya wenzetu. Mwanafunzi mgeni akija kusoma hapa Tanzania anapewa kibali cha ukaazi daraja C, na hicho hakimpi ruhusa ya kuajiriwa. Mkomoro akikutwa anauza duka pale Kariakoo kwa kibali cha masomo, Uhamiaji hawamchekei.

BintiMakorora

Nimerudi. Mzee wa Boksi kasema kweli.

Niwaoneshe kitu kimoja ambacho semina hazioneshi. Watu wanadhani stika ya viza inayogongwa kwenye pasipoti Dar ndiyo kibali cha kusoma. Siyo. Ile ni ya kupandia ndege na kubishia hodi. Kibali chenyewe ni karatasi kubwa inayochapwa uwanja wa ndege, siku unayoingia. Unasimama mbele ya afisa umetoka kwenye ndege mbili, macho mekundu, unataka ukalale, na hapo ndipo unatakiwa usome kila mstari kabla hujaondoka dirishani. Chini kuna sehemu ya masharti. Panatakiwa pawe na mstari unaosema unaweza kufanya kazi ndani au nje ya chuo ukitimiza vigezo. Kijana mmoja wa Korogwe niliyesafiri naye, mstari wake haukuwepo. Nikamvuta shati, tukarudi, afisa akachapa nyingine bila ugomvi. Angetoka nje ya mlango angerekebishiwa kwa maombi, wiki na wiki, na bila mstari ule asingepata ile namba ya SIN, ya utambulisho wa mfanyakazi, ambayo kila mwajiri anaitaka kabla hajakupa aproni.

Na hizo saa 24 zinahesabiwa na wewe mwenyewe. Msimamizi wa jikoni kwetu alikuwa mtu mwema, lakini mtu mmoja akiugua Ijumaa anakuja na ratiba mkononi: "Njoo Jumapili, saa sita tu." Ukiwa na 20 tayari, sita zinakutoa nje ya sheria, na yeye hajui wala halazimiki kujua. Nilikuwa nabandika karatasi ndani ya mlango wa kabati langu, kila shifti naiandika. Watakuja kukuuliza siku unapoomba kibali kingine, na karatasi za mishahara zinasema wazi kila wiki ulifanya saa ngapi. Aliyezidisha anaweza kunyimwa kibali kinachofuata na hata kupoteza hadhi ya uanafunzi. Vilevile akipunguza masomo akawa mwanafunzi wa nusu, au akachukua mapumziko ya muhula, ruhusa ya kazi nje ya chuo inakatika hata kama kibali hakijaisha.

Mjomba, kama mtoto anataka hoteli kwa mapenzi, Chuo cha Taifa cha Utalii kipo hapo nyumbani, asome, apate kazi Zanzibar au Arusha, akili ikomae. Kama anachotaka ni Kanada yenyewe, njia nisiyoiogopa ni hii: asome digrii ya kwanza Tanzania, halafu atafute shahada ya uzamili kwenye chuo cha umma huku, akiwinda ufadhili. Tangu 1 Januari 2026 wa uzamili na uzamivu kwenye vyuo vya umma hawahitaji tena ile barua ya jimbo, na mhitimu wa uzamili anaweza kupata kibali cha kazi cha miaka mitatu hata kozi ikiwa fupi kuliko miaka miwili. Ni safari ndefu, najua binti hapo pembeni kanuna.

Dada wa Sahare

Dada BintiMakorora, samahani nadandia uzi wa watu. Mie nimepata nafasi ya uzamili, miezi 20. Mume wangu anaweza kuja na akafanya kazi?

BintiMakorora

Hongera dada. Tangu 21 Januari 2025 mwenza wa mwanafunzi hapati kibali cha kazi cha wazi, yaani cha mwajiri yeyote, hivihivi, isipokuwa mwanafunzi awe anasoma uzamili wa miezi 16 au zaidi, uzamivu, au baadhi ya kozi za taaluma kama udaktari na uuguzi. Miezi yako 20 inatosha. Andaeni cheti cha ndoa chenye tafsiri ya Kiingereza, na kiasi cha pesa ya kuonesha kinapanda mkiwa wawili, usiende na hesabu ya mtu mmoja.

Mjomba wa Ngamiani

Wanangu, nimempigia dalali nimemwambia mteja asubiri au atafute kwingine. Binti alilia jana, leo kaniomba nimwoneshe ile hesabu ya 422.40, kaipiga mwenyewe kwenye kikokotozi cha dukani, kapata ileile, kanyamaza.

Swali la mwisho. Wakala nilishampa milioni moja na nusu ya "kufungulia faili". Nimemwomba, anasema imeshatumika kwa chuo. Na nimetazama ile anwani kama ulivyosema: barua ina anwani mbili, ya juu na ya chini hazifanani. Nifanyeje?

BintiMakorora

Anwani mbili, nilijua.

Usimwandikie wakala tena. Ingieni kwenye tovuti ya chuo chenyewe, muitafute wenyewe, msitumie kiungo alichowatumia yeye wala barua pepe iliyo kwenye ile barua. Chukueni anwani ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, binti aandike kwa jina lake, aambatanishe barua na aulize: barua hii mmeitoa nyie? Kozi nitasomea jengo gani? Wahitimu wake wanastahili kibali cha kazi cha baada ya masomo? Na kuna pesa yoyote mliyopokea kwa jina langu, na inarudishwaje kama nikiacha? Vyuo vinajibu, hasa sasa, kwa kuwa tangu 1 Desemba 2023 kila barua ya udahili lazima chuo kiithibitishe moja kwa moja kwa Uhamiaji wao. Mwaka huo ndio wale wanafunzi wa India walikutwa na barua bandia walizouziwa na mawakala, wengine wakiwa wameshamaliza hata shule.

Wakisema hawajapokea kitu, hilo jibu lichape, uende nalo polisi pamoja na risiti ya wakala. Risiti alikupa?

Mjomba wa Ngamiani

Alinipa ujumbe wa M-Pesa. Ninao.